Upande wa Mwantumu

Mwanamke mmoja alikuwa na kinu kimoja na michi miwili. Jina lake Semeni, lakini sokoni walimwita Mama Mbwana, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kinu chenyewe kilikuwa cha mninga, kinamfika pajani, kizito hata watu wawili walitoka jasho kukisogeza, na alikiweka pembeni mwa soko la mji mdogo, mbele ya kibanda cha mabati, hatua chache tu kutoka barabarani. Kazi yake ilikuwa moja, kutwanga kisamvu. Si kwamba watu hawakuwa na majani, mihogo ilikuwa nyuma ya kila nyumba, lakini nani ana muda wa kutwanga na nani ana mikono ya kutwanga, mtoto analia, maji hayajatekwa, jua linapanda. Basi walimletea majani kwa furushi, au wakachukua ya kwake, na wakaondoka na kisamvu laini, hakina kikonyo, kinangoja nazi tu.

Alipokuwa na mimba ya huyo Mbwana, tumbo limetangulia na mgongo unamkata, aliona peke yake hawezi tena, akamchukua mwanamke aitwaye Mwantumu amsaidie wiki mbili mpaka ajifungue. Wiki mbili zikawa miaka mitano.

Anayetwanga peke yake hutwanga anavyotaka. Akichoka anatua, akitaka kugeuza majani anatia mkono, hakuna wa kumgonga. Lakini wawili wakisimama kwenye kinu kimoja wana sheria yao. Mmoja akishusha, mwenzake amenyanyua. Kila mmoja ana upande wake ndani ya kinu, na haendi upande wa mwingine, kwa sababu ukienda, michi inagongana na anayeumia ni mkono. Na jambo kubwa kuliko yote, hutazami mchi. Ukitazama mchi umekwisha. Unatazama bega la mwenzako, bega linakwambia kila kitu, limechoka, lina hasira, leo halikula asubuhi. Semeni alisimama ameipa barabara mgongo, Mwantumu akasimama mbele yake, na kati yao palikuwa na nafasi ya mkono mmoja na nusu. Tu-du, tu-du, tu-du, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Watu wakiwa mbali walisikia na kusema, haya, kina mama wameshaanza.

Na maneno yalipita katikati ya michi kama majani yenyewe. Mwantumu alikuwa na mdomo. Alimwambia Semeni kwamba anatwanga kama anayebembeleza, kwamba kisamvu kitasinzia humo. Alimwiga mume wa Semeni anavyokohoa kabla ya kuomba kitu. Mteja akileta majani makavu Mwantumu alimuuliza kwa heshima zote kama amewaletea mboga au amewaletea ufagio. Lakini akishamaliza mzaha wake alitia mkono kinuni, akachota, akakipapasa kisamvu kwa kidole gumba, na akikuta kikonyo kimoja, kimoja tu, anakirudisha chote na kusema bado. Mteja amesimama, amechelewa, anaguna. Bado.

Siku ya Jumatatu Mwantumu aliondoka mapema, akisema mwili unamchemka. Jumatano akapelekwa hospitali. Alhamisi mchana alizikwa.

Semeni alikwenda msibani na mtoto wake wa pili, bado mchanga, mgongoni, akaingia uani, akakuta wanawake wamekaa kwa mpangilio wao, mama wa marehemu, dada zake, wifi zake, mashangazi, kila mtu na mahali pake na kila mtu na pole yake. Alisimama hajui akae wapi. Shangazi mmoja akamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Semeni akasema walikuwa wakifanya kazi pamoja. Yule shangazi akamtazama, akakumbuka. "Ah, kumbe wewe ndiye tajiri wake," akasema, akampa kisu akate vitunguu. Hakusema kwa ubaya. Basi Semeni akakata vitunguu, beseni zima, na aliyemwona analia alidhani anajua analia kitu gani.

Kwa sababu kweli alikuwa nani wake? Dada zake Semeni huwaona Idi. Mume wake humwona jioni, naye amechoka na mume amechoka. Mwantumu alimwona kila siku ya Mungu, uso kwa uso, miaka mitano. Alijua Semeni ana mimba ya pili kabla Semeni hajajua, aliiona begani. Lakini hakuna jina la mtu wa namna hiyo, na asiye na jina hana mkeka msibani. Mumewe alimpa pole kweli, tena kwa upole, halafu siku ya tatu akamwambia atafute mtu mwingine, watu wa kazi hawakosekani. Alitaka kumsaidia. Semeni alimsikia kama anayesikia mtu akizungumzia ndoo iliyotoboka.

Akarudi kinuni. Akachambua majani, akayaosha, akayatia, akashika mchi wake. Akashusha, akanyanyua, halafu akangoja.

Hakukusudia kungoja. Mkono wenyewe ulingoja juu, kama ulivyozoea, umpishe mwenzake. Halafu ukashuka tena. Du, kimya, du, kimya. Na pale kwenye kimya, hapo ndipo alipomkuta Mwantumu. Si kwamba alimwona, hapana, hakuona kitu wala hakusikia kitu, ila nafasi ile ilikuwa na ukubwa wake sawasawa, haizidi haipungui, kama kitambaa kilichokatwa nguo kikabaki na umbo la nguo. Alitwanga asubuhi nzima akiacha nafasi hiyo. Mtoto mgongoni, aliyezoea kulala kwa mapigo mawili, alikataa kulala kwa pigo moja. Akanung'unika mpaka adhuhuri. Semeni hakubadilisha.

Alijua kutwanga peke yake, jamani, kila mwanamke anajua. Unageuza majani, unatia mkono, unaleta ya kule huku. Lakini kuleta ya kule huku kulimaanisha kuingia upande wa Mwantumu, na mkono wake ulikataa. Aliona kama mtu ameinuka kwenye kigoda mara moja, ametoka uani kidogo tu, anarudi sasa hivi, na wewe unakwenda kukikalia. Basi alitwanga upande wake tu. Na kisamvu kikatoka nusu laini na nusu majani, akakichanganya, akakigawa.

Siku zikapita. Alifanya kazi na hamu yake ya kumwona Mwantumu. Kuna asubuhi alifika na jambo la kusimulia, jirani amegombana na kuku wa mtu, jambo la kuchekesha kweli, akalibeba njia nzima anacheka peke yake, na alipofika kinuni akalikuta halina pa kwenda. Na nyuma ya hamu palikuwa na hofu, ambayo hakumwambia mtu. Mwantumu alikuwa na nguvu kuliko yeye. Kama homa ya siku tatu imembeba Mwantumu, yeye Semeni ni nani, na huyu wa mgongoni na yule Mbwana wa miaka mitano atawashika nani, nani atajua kwamba huyu mdogo hataki kufunikwa uso, nani atajua kwamba Mbwana akinyamaza sana basi anaumwa? Akimnyonyesha mtoto mchana kweupe aliweka kiganja kifuani pake mwenyewe, ahakikishe moyo unapiga. Na moyo ulipiga, du, kimya, du, kimya.

Wanawake walikuja kuomba kazi. Wa kwanza alishika mchi, wakapiga mara nne, ya tano michi ikagongana na Semeni akaachia wake ukaanguka chini. Akamwambia si kosa lako dada, akaagana naye. Wa pili aliitwa Kibibi, wa rika la Semeni, mke wa fundi baiskeli, wamehamia mjini mwaka huo. Kibibi alikuwa na mikono mizuri na subira. Semeni alimweka upande ule, halafu akaanza kumfundisha. Shusha bega la kulia. Usitangulize mguu huo, tanguliza huu. Usinyamaze hivyo, sema kitu. Kibibi akasema kitu. Si hicho, Semeni akasema. Akamwambia apumzike, akampa majani achambue, na kesho yake akampa majani achambue, na kesho kutwa vilevile. Mchi wa Mwantumu ulibaki umeegemea nguzo ya kibanda, na Kibibi amekaa chini yake anachambua. Watu wakimuuliza anafanya kazi gani pale, Kibibi alisema ameajiriwa kuuchunga ule mchi usitoroke. Alisema kwa utani, lakini alikuwa na mume na nyumba na aibu yake, na mtu hawezi kukaa siku nyingi kwenye kazi ya kutofanya kazi.

Na wateja je? Wateja waliona. Mtu anapotia kijiko chunguni akakuta jani zima limekunjana hapo, anaona. Lakini walimstahi. Walisema mwacheni, amefiwa na mtu wake, ingawa pale msibani hakuna aliyesema hivyo, sokoni walijua. Wengine walikichukua kisamvu wakafika nyumbani wakakitwanga tena kwenye vinu vyao vidogo, kimyakimya, wasimuumize. Wengine wakaanza kupitia njia ya nyuma. Semeni aliona bakuli zinapungua, akafikiri ni msimu.

Sasa majani ya mhogo si mchezo. Yakiwa machanga na yakitwangwa sawasawa na yakichemshwa sana, ni chakula cha mzazi na mtoto. Yakitwangwa nusu, ukali wake wa sumu unabaki ndani, na hasa ya ule mhogo mchungu.

Alikuwapo mteja mmoja wa siku zote, Mama Hoza, mwenye watoto wanne, mwanamke mpole asiyependa maneno. Huyo hakukitwanga tena nyumbani kwa kuwa hakuwa na kinu, na hakupita njia ya nyuma kwa kuwa alimpenda Semeni na alimpenda Mwantumu. Alikichemsha kama alivyozoea kukichemsha, akakitia nazi, akawapa wanawe. Mtoto wake wa tatu akatapika. Akasema labda ni samaki. Wiki iliyofuata wakatapika wawili, na mdogo akalegea, akakimbizwa zahanati, akawekewa maji ya dripu, na siku mbili hakumjua mama yake. Halafu akapona. Tumshukuru Mungu, alipona.

Siku ya pili baada ya mtoto kupona Mama Hoza alifika kinuni na sufuria kichwani. Ilikuwa asubuhi, watu wengi. Semeni alikuwa anatwanga, du, kimya, du, kimya. Mama Hoza hakusalimia, nalo hilo peke yake lilitosha watu kugeuka. Akaitua sufuria chini miguuni pa Semeni, akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na kile kisamvu chenyewe, kimeganda na nazi yake, na majani yamejitokeza juu mazima, unaweza kuyahesabu vidole. Kibibi aliacha kuchambua. Mama Hoza akangoja mpaka mchi wa Semeni umeshuka na kutulia, kisha akasema, wala hakupaza sauti:

"Mama Mbwana, msiba wako tunaujua, tumekaa nao na wewe miezi miwili. Lakini sasa wanangu wanautafuna."

Akaichukua sufuria yake akaondoka.

Semeni alibaki pale. Hakuna aliyemsogelea, na alifikiri atalia, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni baridi, pale pale juani. Alimwona yule mtoto wa Mama Hoza, ambaye hakumwona alipokuwa anaumwa, alimwona na uso wa Mbwana. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akaacha kutazama pale bega lilipokuwa. Akainama akatazama ndani ya kinu.

Upande wake majani yalikuwa yametwangika mpaka yametoa maji, yamekuwa kama matope. Upande wa pili yalikaa kama alivyoyatia, mazima, na vikonyo vyake, moja juu ya jingine, hakuna kilichoyagusa. Aliyatazama sana. Miezi miwili alidhani pale pana Mwantumu. Alidhani anamtunzia mahali, anamwekea heshima, na kila siku aliporudi nyumbani alijisifu moyoni kwamba wengine wamekwisha sahau, mimi sijasahau. Kumbe alichokitunza ni majani mabichi. Na Mwantumu, ambaye alikuwa akirudisha kinu kizima kwa ajili ya kikonyo kimoja, Mwantumu angekuja sasa hivi akatia mkono humu, akapapasa kwa kidole gumba, angesema nini? Semeni alijua angesema nini. Tena alijua na sauti yake, na mkono kiunoni, na hilo ndilo lililomvunja, akashika ukingo wa kinu akalia, mbele ya watu, kilio ambacho hakukilia uani siku ya vitunguu. Mtoto mgongoni akalia naye. Wauza nyanya wakageuza nyuso zao kando, kwa adabu.

Kibibi alikuja akasimama karibu, hakumshika. Semeni alipomaliza akajifuta na pindo la kanga, akamwambia achukue mchi. Kibibi akaenda nguzoni, akauchukua ule wa Mwantumu, akasimama nao hapo, akauliza kwa sauti ndogo, "Nisimame upande ule, da' Semeni?" Kwa sababu aliogopa. Alishasimama upande ule mara moja na aliona ulivyo na mwenyewe.

Semeni alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa rahisi, ndivyo kazi zote zinavyofanywa, aliyeondoka ameondoka na anayekuja anasimama pale pale. Lakini haikutoka. Alizunguka kinu. Hatua nne tu, ukitaka kuzihesabu, na hakuwahi kuzipiga katika miaka mitano. Akasimama alipokuwa anasimama Mwantumu, akamwachia Kibibi upande wake yeye, akainua uso.

Jua likampiga machoni.

Hakuwa amejua. Mahali pake pa siku zote palikuwa na jua mgongoni, na mtoto akifunikwa kanga basi hakuna shida. Hapa jua la asubuhi linakuja moja kwa moja, linaingia chini ya nyusi, huwezi kulikwepa mpaka saa nne. Miaka mitano. Na Mwantumu aliyekuwa na neno kwa kila kitu, kwa kuku na kwa wakwe na kwa majani makavu, hakusema neno hata moja kuhusu jua. Semeni alikunja uso, akakumbuka kwamba Mwantumu alikuwa amekunja uso daima, na yeye alidhani ndivyo sura yake ilivyoumbwa.

Halafu macho yakazoea, akaona mbele, nyuma ya mgongo wa Kibibi, barabara. Yote, kutoka kwenye kona ya msikiti mpaka darajani. Na pembeni ya barabara, pale vumbi linapoanzia, amechuchumaa mtoto wa miaka mitano amewapa magari mgongo, anachimba kitu kwa kijiti, na pikipiki inapita karibu naye hivi, na nyingine inakuja.

Alikuwa Mbwana.

Semeni hakupiga kelele. Sauti iliyomtoka ilikuwa kavu, ya kawaida kabisa, na hakuwa ameichagua. Alisema, "Mbwana, rudi huku baba, kaa hapa penye kivuli." Mtoto akainua kichwa, akatupa kijiti, akaja. Akaja taratibu, bila haraka, kama anayeitwa kwa namna aliyoizoea. Akakaa kwenye kivuli cha kibanda.

Na Semeni akauegemea mchi wake. Sasa alisikia. Yale maneno ya Mwantumu, anasimulia kitu, amefika penye utamu, anakatiza katikati, anaita mtoto, rudi huku, toka hapo, kisha anaendelea na hadithi yake palepale alipoachia. Yeye Semeni alikuwa akichukia kukatizwa. Alikuwa akisema, shoga, muache mtoto acheze. Miaka mitano Mwantumu alitwanga na jua machoni na macho yake yako nyuma ya mgongo wa Semeni, na miezi miwili hii, asubuhi zote hizi ambazo Semeni alisimama hapo akiitunza nafasi, akiiheshimu, akizuia mtu yeyote asiikanyage, hakuna aliyekuwa anaangalia barabara.

Kibibi alimuuliza kama anaumwa. Semeni akatikisa kichwa. Akamwambia waanze.

Walianza vibaya. Michi iligongana pigo la tatu, ikagongana tena pigo la saba, na Kibibi akacheka kwa woga, akasema huu mchi wa watu umekataa mgeni. Semeni hakumwambia ashushe bega. Alilitazama bega lake lilivyo, lilikuwa bega jingine kabisa, la mtu mfupi, linakwenda mbele kidogo kabla ya kushuka. Akalingoja. Akalipata. Kila baada ya mapigo machache aliinua macho yavuke lile bega, yafike barabarani, yarudi. Jua lilimchoma, machozi yalimtoka, na hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, angeweza kusema yapi ni ya jua. Walipokaribia adhuhuri alitia mkono ndani, akachota, akapapasa. Akatoa kikonyo. Akakirudisha chote.

Bado, akasema.

Alimpelekea Mama Hoza bakuli la kwanza yeye mwenyewe, kwa miguu. Mama Hoza alilipokea mlangoni, akalitazama, akamkaribisha ndani. Mtoto aliyekuwa mgonjwa alikuwa sakafuni anachezea vifuniko. Semeni alimbeba, akamuweka mapajani, akachezea vifuniko pamoja naye.

Hamu haikwisha. Asidanganywe mtu. Kila asubuhi ilimngoja palepale kwenye kinu, na asubuhi nyingine alimwita Kibibi kwa jina lisilo lake, na Kibibi akaitika. Lakini bakuli zilirudi, na watoto wa watu walikula wakalala, na mwanawe akisogea barabarani alimwona.

Nawe uliyefiwa na mtu wa kazini mwako, unayeilinda nafasi yake isiguswe na mtu na unaita hiyo ni heshima: umewahi, hata siku moja, kwenda kusimama pale alipokuwa akisimama, ukaona alikuwa akimwangalia nani?